Kolelo

Kolelo (huandikwa pia Kolero) ni jina la mzimu mkubwa ambao, kwa imani ya jadi ya Waluguru, Wazaramo, Wakutu na majirani zao, ulikaa pangoni katika Milima ya Uluguru, mkoa wa Morogoro, mashariki mwa Tanzania. Watu walimwendea Kolelo kuomba mvua na rutuba ya mashamba, na kuuliza chanzo cha maafa ambayo akili ya kawaida haikuweza kukieleza. Mwaka 1905 maneno yaliyosemwa kuwa yake yalienea pamoja na habari za Vita vya Maji Maji. Leo Kolero ni pia jina la kata katika Wilaya ya Morogoro Vijijini.

Katika mazungumzo ya siku hizi kuhusu "jicho la tatu" na vipawa ambavyo inasemekana binadamu amevipoteza, habari za Kolelo ni mfano mzuri wa jinsi jamii moja ya Afrika Mashariki ilivyoelewa kuona yaliyofichika, na gharama iliyoweza kufuata.

Mazingira

Milima ya Uluguru ni sehemu ya Safu ya Milima ya Tao la Mashariki. Kilele cha juu kabisa, Kimhandu, kinazidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki, hupanda, hupoa na kuleta mvua nyingi. Upande wa magharibi hupata mvua kidogo zaidi.

Vijito vya milima hiyo huungana na kuwa Mto Ruvu, unaopita Ukutu na Uzaramo hadi baharini karibu na Bagamoyo. Kwa hiyo mkulima wa tambarare aliyepungukiwa na maji aliweza kuona mawingu yakijikusanya juu ya Uluguru wakati shamba lake linakauka. Jambo hili linasaidia kueleza kwa nini mwenye mvua alifikiriwa kuwa anakaa mlimani, na kwa nini ujumbe wa kumwomba ulielekea huko mito inakotoka.

Masimulizi ya asili

Masimulizi yanamtaja Kolelo kama nyoka mkubwa. Inasimuliwa kwamba mwanamke wa ukoo wa Mlali alichukuliwa na nyoka huyo na kuingizwa pangoni, akawa mke wake. Kolelo alijitambulisha kuwa ametumwa na Mungu, na kuwapa ndugu wa mwanamke huyo kazi ya kumhudumia na kupeleka maneno yake kwa watu.

Simulizi hili linalingana na muundo wa jamii ya Waluguru. Kwao ukoo, unaoitwa lukolo, hufuatwa kwa upande wa mama, na ardhi pamoja na vyeo vya matambiko hurithiwa kwa njia hiyo. Kwa kuwa aliyeolewa na Kolelo alikuwa mwanamke wa Mlali, ukoo wake ndio uliokuwa na haki ya kulinda pango.

Kusema kwa niaba ya Kolelo, basi, hakukuwa kipawa cha kila mtu. Kulikuwa na wenyewe, kukiwa na mahali pake na utaratibu wake. Mtu aliyedai kusikia sauti ya mzimu bila kuwa wa ukoo husika angeulizwa kwanza haki hiyo ameipata wapi.

Maombi na majibu

Mambo yaliyopelekwa kwa Kolelo yalihusu jamii nzima: ukame, njaa na rutuba ya nchi. Wazee walituma wajumbe pamoja na zawadi, na majibu yalitolewa kwa kinywa cha wahudumu wa pango. Mara nyingi jibu lilikuwa agizo la kurekebisha jambo fulani, kama vile tambiko lililosahauliwa au mwiko uliovunjwa.

Magonjwa na matatizo ya mtu mmoja mmoja yalipelekwa kwa mganga wa karibu. Mganga huyo aliweza kupiga ramli, kutoa dawa za miti, au kuongoza ngoma ya kutuliza pepo aliyempanda mgonjwa. Waluguru pia walikuwa na wataalamu wengine wa mvua. Anayejulikana zaidi ni mwenye cheo cha Kingalu huko Kinole, ambacho kimeendelea kurithiwa hadi karne ya 21.

Kolelo na Vita vya Maji Maji

Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ilidai kodi, ikalazimisha watu kufanya kazi, na katika wilaya za kusini mashariki ikaamuru kilimo cha pamba. Katika hali hiyo maneno ya mizimu yalianza kugusa siasa.

Mwaka 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, karibu na Mto Rufiji, alisemekana kupandwa na mzimu Hongo. Inasimuliwa kwamba aliingia katika kidimbwi cha maji na kutoka kesho yake akiwa mkavu. Alianza kugawa maji ya dawa ambayo yangegeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Habari zake zilienezwa kwa kunong'onezana, njia iliyoitwa njwiywila. Hongo alihesabiwa kuwa mdogo wa Bokero, mzimu wa Rufiji, na wanahistoria kadhaa wanaona ibada ya Bokero na ile ya Kolelo kuwa na uhusiano wa karibu.

Kwa upande wa Uzaramo, mmisionari Mjerumani Martin Klamroth aliandika baadaye habari alizozikusanya kwa wenyeji. Kwa mujibu wake, ilisemwa kwamba Kolelo amekataza kulipa kodi kwa wageni, kwamba gharika itawaangamiza Wazungu na wafuasi wao, na kwamba bunduki za askari zitatoa maji tu. Mzimu uliokuwa ukiulizwa habari za mvua sasa ulitoa amri kuhusu kodi na vita. Mwanahistoria John Iliffe ametumia ushahidi huu kuonyesha jinsi imani iliyovuka mipaka ya makabila ilivyosaidia kuunganisha watu ambao hawakuwa na mtawala mmoja.

Vita vilianza Umatumbi mnamo Julai 1905. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, lakini mapigano yaliendelea hadi 1907. Maji hayakuzuia risasi. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji na kuharibu vyakula, na watu wengi zaidi walikufa kwa njaa kuliko kwa risasi. Makadirio ya Wajerumani yalitaja vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000.

Suala la kama Kinjikitile aliamini mwenyewe nguvu ya maji, au aliyatumia kuwaunganisha watu, limejadiliwa sana. Ndilo msingi wa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotolewa mwaka 1969.

Ulinganisho na jicho la tatu

Dhana ya jicho la tatu haikutoka Uluguru. Katika dini ya Uhindu mungu Shiva huonyeshwa akiwa na jicho katikati ya paji la uso, na mafundisho ya yoga hutaja kituo cha nguvu mahali hapo kiitwacho ajna. Huko Ulaya, mwanafalsafa René Descartes aliandika mwaka 1649 kwamba tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, yaani tezi ya pineali, ni makao makuu ya roho. Helena Blavatsky, katika kitabu chake cha mwaka 1888, alidai kuwa tezi hiyo ni mabaki ya jicho la kiroho ambalo binadamu wa kale walikuwa nalo.

Sayansi inakubali sehemu ndogo tu ya habari hii. Mijusi wengi, pamoja na tuatara wa Nyuzilandi, wana kiungo juu ya kichwa kinachohisi mwanga, nacho kina asili moja na tezi ya pineali. Kwa binadamu tezi hiyo haioni. Hupokea habari za mwanga kutoka kwa macho ya kawaida kupitia neva, na hutoa homoni ya melatonini, iliyotambuliwa mwaka 1958, ambayo husaidia kupanga saa za usingizi. Hakuna ushahidi kwamba kuna zoezi linaloweza kuifanya ione mambo ya mbali au ya baadaye.

Tofauti kati ya dhana hizi mbili ni kubwa. Jicho la tatu huelezwa kama uwezo ulio ndani ya kila mtu, ambao amelala nao na anaweza kuuamsha peke yake. Kolelo alikuwa nje ya mtu: alikuwa na pango, wahudumu na ukoo, na aliulizwa kwa ajili ya watu wote. Kilichopungua Uluguru baada ya kuja kwa misheni, shule na utawala wa kikoloni ni mamlaka ya koo na matambiko yake. Hilo ni badiliko la jamii, si kupotea kwa kiungo cha mwili.

Sheria na hali ya sasa

Serikali ya kikoloni ya Uingereza ilitunga Sheria ya Uchawi mwaka 1928. Tanzania ilitunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala mwaka 2002, inayotambua na kusajili waganga wa tiba asili. Kupiga ramli kumebaki jambo la hatari pale kunapotumika kumtaja jirani kuwa mchawi, kwa kuwa wazee, hasa wanawake, wameuawa kwa tuhuma kama hizo katika sehemu mbalimbali za nchi. Mnamo Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli.

Waluguru wengi sasa ni Wakristo au Waislamu, ingawa matambiko ya koo hayajakoma kabisa. Misitu ya milimani imehifadhiwa kisheria, na Mto Ruvu, ambao maji yake yaliombwa kwa Kolelo, ni chanzo kikuu cha maji ya jiji la Dar es Salaam.