Kompyuta Kuukuu: Tuitupe au Tuitunze?

Huenda hata wewe umeiona. Iko kwenye stoo ya shule, ofisi au nyumba fulani hapa Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta, imefunikwa gunia. Ilikuja kama msaada, au ililetwa na jamaa aliyerudi kutoka ng'ambo. Ikafanya kazi, halafu siku moja ikakataa kuwaka. Mmoja anasema itupwe, mwingine anasema ingoje fundi. Nani ana haki? Kabla ya kujibu, tuwaangalie watu ambao wamekataa katakata kuitupa kompyuta moja ya mwaka 1982.

NI KOMPYUTA GANI HIYO?

Inaitwa Commodore 64. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1982 kwa dola 595, na zaidi ya milioni 12 ziliuzwa kabla ya kampuni kufilisika mwaka 1994. Ukiiona utadhani ni kibodi nene tu, kumbe kompyuta nzima imo ndani. Unaiunganisha na televisheni, na programu zake zinakaa kwenye kaseti au disketi. Ile 64 ni kumbukumbu yake, yaani kilobaiti 64. Picha moja ya simu ya siku hizi, yenye megabaiti 3, ingejaza kumbukumbu za mashine 48 za aina hiyo!

Pamoja na udogo huo, ukiiwasha iko tayari kwa sekunde chache tu. Haidai bando wala haingoji kusasishwa.

Wapenzi wake, wengi wao Ulaya na Marekani, wanapeana michoro na kung'oa spea kutoka kwa zilizokufa. Wengine wametengeneza kifaa kidogo cha kadi ya kumbukumbu, kama ile ya simu, kinachochukua nafasi ya disketi. Mwaka 2025 kikundi kilichoongozwa na shabiki mmoja, Christian Simpson, kilinunua jina la Commodore na kutangaza kuiunda upya.

Wala si mchezo wa watoto tu. Mwaka 2015 ilijulikana kwamba katika mji wa Grand Rapids, Marekani, kompyuta moja aina ya Amiga, ya kampuni hiyo hiyo, ilikuwa bado inaongoza mitambo ya joto na hewa katika shule 19. Ilikuwa kazini tangu miaka ya 1980. Programu yake iliandikwa na mwanafunzi wa sekondari, na ikisumbua walimwita yeye yule.

KINACHOIUA NI NINI?

Kwanza, stima. Commodore 64 inahitaji volti 5 kwa chipu zake. Kipunguza umeme chake kikizeeka, volti hupanda na kuunguza kumbukumbu. Ndiyo maana wajuzi hupima volti kabla ya kuichomeka. Pia soma kibandiko: mashine ya Marekani hutumia volti 120, na stima yetu ni 240. Ukiichomeka hivi hivi, umeiua.

Pili, vumbi na joto. Hapa Voi tunalijua vumbi jekundu. Likijaa ndani, joto halitoki. Zima, chomoa, fungua, kisha safisha kwa brashi laini. Miguu ya chipu na soketi isafishwe kwa alkoholi ya isopropili, si petroli wala mafuta ya taa.

Tatu, uzee wa vipuri. Kapasita na betri ndogo huvuja maji yanayokula bodi. Betri iliyovuja itolewe mara moja, mengine yaachiwe fundi.

Nne, unyevu. Huko milimani, ambako ukungu ni wa mara kwa mara, disketi huweza kuota kuvu. Ziwekwe pakavu.

Onyo: televisheni na skrini za zamani zenye kioo kikubwa cha nyuma hubaki na umeme mkali hata zikichomolewa. Usizifungue kama si fundi.

FAIDA NA MIPAKA

Tusidanganyane. Mashine hiyo haitafungua tovuti za serikali wala kutuma pesa. Faida yake ni kufundisha. Ukiandika mistari hii miwili:

10 PRINT "VOI"
20 GOTO 10

kisha RUN, skrini inajaa jina la mji wetu bila kukoma. Mstari wa kwanza unasema andika, wa pili unasema rudi kwenye wa kwanza. Mtoto ameshaona kompyuta ni mtumishi anayefuata amri, wala si uchawi. Na mashine kuukuu ikiharibika, hasara yake ni ndogo, kwa hiyo anayejifunza ufundi anaweza kuifungua bila woga.

Hata kama hakuna Commodore karibu nawe, somo ni lile lile kwa kompyuta yoyote ya zamani. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilijijengea jina kwa kuzikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni.

TUFANYE NINI?

1. Msiiwashe kwa pupa. Ifunguliwe, isafishwe, ipimwe.

2. Okoeni kumbukumbu zenu. Kama kikundi chenu kina disketi zenye orodha ya wanachama au hesabu za akiba, zihamisheni sasa. Kisoma-disketi cha kuchomeka kwa kompyuta mpya kinapatikana, lakini disketi ikishaota kuvu huenda isisomeke tena, na ikishafutika hakuna wa kuirudisha. Mama aliyeweka akiba miaka 10 hatakubali kuambiwa daftari lilikuwa kwenye kompyuta.

3. Atafutwe kijana mmoja anayependa ufundi, akabidhiwe mashine na fundi wa kumwongoza. Akiandika kila alichobadilisha, atakayemfuata hataanza upya.

4. Iliyokufa kabisa itoe spea. Mabaki yasichomwe. Moshi wa nyaya ni sumu, na vioo vya skrini vina risasi inayodhuru, hasa watoto. Yapelekwe kwa wanaoshughulikia taka za elektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi.

Haba na haba hujaza kibaba. Kompyuta moja iliyofufuliwa haitabadilisha kata nzima, lakini inaweza kumpa kijana mmoja kazi ya mikono, na kikundi kimoja kikapata hesabu zake zote. Basi nenda stoo, ondoa gunia, uangalie kilichopo.