Njia Moja, Vipimo Viwili: Umbali wa Kutembea Unaposomwa na Simu na Saa

Watu wawili wanaweza kuondoka pamoja Hombolo Bwawani, wakaongozana kwa njia moja hadi Hombolo Makulu na kufika kwa wakati mmoja, lakini simu zao zikatoa umbali tofauti. Kwa mtu anayetembea kwa burudani, tofauti hiyo ni jambo la kucheka. Kwa mgonjwa wa kisukari, shinikizo la damu au moyo aliyeagizwa kutembea kila siku, na kwa mhudumu anayesoma takwimu zake kliniki, inaweza kuzaa uamuzi usio sahihi.

Njia mbili za kupima

Vifaa hivi hutumia njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuhesabu hatua. Ndani ya simu au saa kuna kihisi kinachotambua mtikisiko wa mwili. Kila mtikisiko unaofanana na hatua huhesabiwa, kisha idadi huzidishwa kwa urefu wa hatua. Urefu huo mara nyingi haupimwi, bali hukadiriwa kutokana na kimo, kwa kawaida takriban asilimia 41 ya kimo cha mtu.

Hapo ndipo kosa la kwanza linapoingia. Mwanamke mwenye kimo cha sentimita 155 hukadiriwa hatua ya sentimita 64. Ikiwa simu yake imeachwa na kimo cha sentimita 170, itatumia sentimita 70. Baada ya hatua 4,000, umbali utaongezeka kutoka mita 2,560 hadi 2,800, yaani mita 240 ambazo hakuzitembea. Aidha, hatua ya mtu hufupika anapopita kwenye mchanga, anapopanda mlima, anapochoka au anapobeba mzigo.

Mahali kifaa kinapokaa pia huleta tofauti. Saa iliyo kwenye mkono ulioshika ndoo kichwani haiyumbi, hivyo huacha hatua nyingi bila kuzihesabu. Saa hiyohiyo inaweza kuhesabu hatua wakati mtu anatwanga au analima akiwa amesimama. Simu iliyo ndani ya kapu husoma tofauti na iliyo mfukoni.

Njia ya pili ni setilaiti. Zikiwa umbali wa takriban kilomita 20,200 juu ya dunia, setilaiti hizo huwezesha simu kukadiria mahali ilipo, kwa kawaida ndani ya mita 5 penye uwazi. Lakini kila nukta hukosea kidogo, na nukta zikiunganishwa, njia iliyonyooka huonekana kama inayopindapinda, hivyo umbali huongezeka. Kinyume chake, simu inayobana matumizi ya betri huchukua nukta chache, ikakata kona na kupunguza umbali.

Anayeumia ni nani?

Wanaopunjwa zaidi ni wanaotembea polepole: wazee, waliopata kiharusi, wanaotumia fimbo na wanaoburuta mguu. Mtikisiko wao ni mdogo, na vihisi vingi huuacha. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kudhaniwa mvivu au mwongo, ilhali ametimiza alichoagizwa.

Hatari nyingine ni kufukuza namba. Hombolo ina historia ndefu ya kuwahudumia wagonjwa wa ukoma, na somo lake linawahusu pia wenye kisukari: mguu wenye ganzi hautoi taarifa ya kuumia. Mtu anayeongeza mwendo ili afikishe hatua 10,000 anaweza kurudi na kidonda asichokihisi. Namba hiyo yenyewe haikutokana na kipimo cha kitabibu. Ilienezwa na kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu wanawake wazee nchini Marekani ulionyesha kuwa waliotembea takriban hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea hatua 2,700, na kwamba nafuu haikuongezeka baada ya hatua 7,500 hivi.

Namna ya kutumia vipimo hivi

Mgonjwa atumie kifaa kilekile, akiweke mahali palepale na afuate njia ileile; hapo mabadiliko ya wiki hadi wiki yatakuwa na maana kuliko namba ya siku moja. Akibadilisha simu, amjulishe mhudumu.

Urefu wa hatua unaweza kupimwa kwa futi kamba: mita 20 zilizopimwa, zikitembewa kwa hatua 32, hutoa sentimita 62.5 kwa kila hatua. Namba hiyo iingizwe kwenye kifaa.

Kwa uamuzi wa tiba, mhudumu asitegemee simu. Kipimo cha kutembea kwa dakika 6 huhitaji njia tambarare ya mita 30, saa na alama mbili. Kwa wagonjwa wa maradhi sugu ya mapafu, badiliko la takriban mita 30 huhesabiwa kuwa na uzito. Kosa la asilimia 9, kama la simu iliyotajwa hapo juu, katika mwendo wa mita 400 ni zaidi ya mita 35: linatosha kuficha nafuu au kubuni ugonjwa.

Asiye na kifaa hajapungukiwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na dakika husomwa kwa saa yoyote. Mwendo wa wastani ni ule unaomwezesha mtu kuzungumza lakini si kuimba. Mwenye ganzi avae viatu vilivyofunika mguu na akague nyayo kila arudipo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kukata isivyo kawaida ni sababu ya kusimama na kutafuta huduma mara moja, hata kama simu inaonyesha kuwa bado hatua chache tu zimesalia.