Pete ikigoma kuingia, ukumbuke na moyo

Pete ya ndoa iliyomkaa mama vizuri kwa miaka 15, leo haipiti kwenye kifundo cha kidole. Viatu navyo vinambana. Nyumbani wanasema, "Amenenepa tu." Huenda si unene.

Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, iitwayo pituitari. Ndiyo inayotoa homoni ya ukuaji. Ikiota uvimbe, ambao mara nyingi si saratani, homoni hiyo huweza kumwagika kupita kiasi. Mtu mzima harefuki tena, bali viganja, nyayo na taya hupanuka. Moyo nao haubaki nyuma: kuta zake hunenepa, presha hupanda, na matibabu yakichelewa hushindwa kusukuma damu ipasavyo.

Hata homoni hii ikipungua mno kuna hatari: mafuta hujaa tumboni na lehemu mbaya huongezeka.

Mabadiliko huja polepole, ndiyo maana wa nyumbani huchelewa kuyaona. Linganisha picha za zamani na za sasa. Ukiona tofauti, mpeleke hospitali apimwe presha na homoni. Uvimbe huweza kuondolewa kwa upasuaji kupitia puani, na moyo ukapata nafuu.