Nuru Irudiyo kutoka Ngozini: Kipimo na Maneno Yake

Neno "kuakisi", lenye asili ya Kiarabu na maana ya kugeuza, lafaa sana kwa kioo: nuru hupiga usoni pake na kurudi papo hapo. Nuru itokayo katika ngozi ya mtu haikurudi hivyo. Sehemu ndogo tu huakisiwa juu. Iliyobaki huingia ndani, huzunguka humo, na baadhi yake hutokea tena kando kidogo ya pale ilipoingilia. Nuru hii iliyosafiri ndiyo ipimwayo na wataalamu, rangi kwa rangi, ili wajue yaliyomo ndani bila ya kuichana ngozi.

Mambo mawili huipata njiani: husharabiwa na hutawanywa. Chai ya rangi ni mfano wa jambo la kwanza. Nuru hupungua, lakini kitako cha kikombe kingali chaonekana. Maziwa ni mfano wa pili, kwani vitone vya mafuta huikengeusha nuru huku na huko hata jicho lisione chini, ingawa maziwa husharabu nuru kidogo mno. Ngozi ni kama chai ya maziwa. ("Kusharabu" lapungukiwa kidogo hapa: maji yaliyosharabiwa na kitambaa hukamuliwa yakatoka, bali nuru iliyosharabiwa kwa kawaida imekwisha kugeuka joto.) Kwa kundi zima la miali "kutawanywa" latosha, kwa mwali mmoja, "kukengeuka" ni sahihi zaidi.

Chombo chenyewe ni nyuzi nyembamba za kioo. Uzi mmoja hutoa nuru, na nyingine, zilizowekwa kwa umbali mbalimbali, huipokea. Nuru ipokewayo karibu aghalabu haikushuka sana. Ipokewayo mbali imepita chini zaidi.

Ugumu uko katika kufasiri. Nuru ikirudi kidogo, je, imesharabiwa sana, au imetawanywa kidogo? Kipimo kimoja hakiwezi kujibu. Ndiyo maana hutakiwa rangi nyingi na umbali mwingi. Hemoglobini yenye oksijeni ina vilele viwili vya kusharabu, karibu na nanomita 542 na 577. Isiyo na oksijeni ina kimoja, karibu na 555. Melanini haina vilele: nguvu yake hupungua polepole kutoka buluu hadi nyekundu.

Tena ngozi ina matabaka. La juu, ambalo katika sehemu nyingi za mwili lina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita, lina melanini wala halina damu. La chini yake, nene zaidi, ndilo lenye mishipa. Basi nuru iletayo habari za damu imepita katika melanini mara mbili, kwenda na kurudi. Kanuni waliyoitoa Farrell, Patterson na Wilson mwaka 1992 ni nzuri, lakini iliichukua tishu kuwa kitu kimoja kisicho na matabaka. Mwaka 1995 Wang, Jacques na Zheng walitangaza programu yao ya MCML, ambayo hufuata miali mingi, mmoja mmoja, kwa njia ya bahati nasibu, ikipita tabaka baada ya tabaka.

Kulisahau tabaka la juu si kosa la vitabuni tu. Chombo kipimacho oksijeni kidoleni hutumia nuru ipenyayo hadi upande wa pili badala ya irudiyo, ila mambo yaipatayo njiani ni yale yale. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba pale chombo kiliposoma asilimia 92 hadi 96, kipimo cha damu yenyewe kilikuwa chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na 3.6 tu vya weupe. Melanini ndiyo ishukiwayo kwanza. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kunyimwa oksijeni aihitajiyo.

Mwanafunzi afundishwaye kwamba ngozi "huakisi" tu hudhani uso peke yake ndio ujibuo. "Nuru irudiyo kwa kutawanywa" ni refu, na pengine halipendezi kamusini. Lakini lamwonyesha kwamba nuru iliingia, na kwamba ilipita mahali.