Je, Wajua? Msuguano Ndio Unaowachanganya Wanafunzi

Je, wajua kwamba mwanafunzi anaweza kupata alama nzuri za fizikia huku kichwani bado anaamini mambo yaliyosemwa na mwanafalsafa Aristotle zaidi ya miaka 2,300 iliyopita? Mwulize hivi: mpira umerushwa juu, umeshatoka mkononi na bado unapanda. Ni kani zipi zinazoufanyia kazi? Wengi watataja mvutano wa Dunia, kisha wataongeza kani ya mkono. Hiyo ya pili haipo. Kazi ya mkono ilikwisha mpira ulipoachiwa. Kilichobaki ni mvutano unaouvuta chini, na hewa inayoukinza kidogo.

Mwaka 1992 David Hestenes wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona na wenzake walichapisha jaribio la maswali ya namna hiyo, yasiyohitaji kukokotoa chochote. Eric Mazur, profesa wa Harvard, alipowapa wanafunzi wake jaribio hilo, mmoja alimwuliza kama ajibu jinsi alivyofundishwa au jinsi yeye mwenyewe anavyofikiri. Nadhani hakuna swali linaloeleza vizuri zaidi kasoro ya ufundishaji wetu.

Je, wajua kinachowapotosha? Msuguano. Ukiacha kusukuma mkokoteni, unasimama. Ukiacha kukanyaga pedali, baiskeli inasimama. Macho yanashuhudia kila siku kwamba bila kusukuma hakuna mwendo, na Aristotle aliamini vivyo hivyo. Galileo ndiye aliyeichambua hoja hiyo kwa mipira iliyobingirika kwenye mbao zilizoinama. Aliona kwamba kadiri njia inavyolainishwa ndivyo mpira unavyokwenda mbali, akajiuliza ungefika wapi kama kusingekuwa na kizuizi kabisa. Newton aliliweka jibu katika kanuni zake za mwendo mwaka 1687: kitu kinachokwenda huendelea kwenda kwa mwendokasi uleule katika mstari mnyoofu, mpaka kani ikisumbue.

Unataka ushahidi? Chombo cha Voyager 1 kilirushwa mwaka 1977. Hakina injini inayokisukuma mbele, na bado kinakata kilomita 17 hivi kila sekunde.

Je, wajua kwamba nyundo na unyoya vilishawahi kuanguka pamoja? Agosti 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliviachia kwa wakati mmoja juu ya Mwezi, mbele ya kamera. Kule hakuna hewa ya kuukinza unyoya. Vyote viwili viligusa ardhi sawia.

Je, wajua kwamba tofali likilazwa au likisimamishwa kwa ubavu, kani ya kulikokota mezani ni karibu ileile? Wanafunzi hubishana sana hapa, kwa kuwa sehemu pana inaonekana kama lazima ikwaruze zaidi. Lakini msuguano wa vitu vigumu vikavu hutegemea jinsi vinavyobanana na aina ya nyuso zake, si upana wa eneo linalogusana. Leonardo da Vinci alikwisha kuyaandika hayo katika madaftari yake, nayo yakakaa bila kuchapishwa. Guillaume Amontons akayagundua upya Ufaransa mwaka 1699. Kuyathibitisha shuleni hakuhitaji zaidi ya tofali, kamba na mizani ya springi.

Wamisri wa kale nao walijua jambo kuhusu msuguano. Katika kaburi la gavana wao Djehutihotep, lenye umri wa karibu miaka 3,900, kuna mchoro wa watu wengi wanaokokota sanamu kubwa juu ya sleji, na mtu mmoja amesimama mbele yake akimwaga kimiminika mchangani. Kwa muda mrefu tendo hilo lilichukuliwa kuwa ibada. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walilijaribu na kuona kwamba mchanga uliolowa kwa kiasi cha kutosha hupunguza kani ya kukokota kwa karibu nusu. Maji hushikanisha chembe za mchanga, ukawa mgumu, usijirundike mbele ya sleji. Yakizidi, faida yote inapotea. Kiasi ndicho kila kitu.

Je, wajua ni kwa nini baharia mmoja anaweza kuzuia chombo kizito gatini kwa mikono yake miwili? Anazungusha kamba kwenye nguzo. Kigezo cha msuguano kikiwa 0.3, mzunguko mmoja huzidisha nguvu ya mikono yake zaidi ya mara 6. Mizunguko mitatu huizidisha zaidi ya mara 280! Kila mzunguko haujumlishi, unazidisha. Mwalimu wa hesabu na wa fizikia wangeweza kuungana kwa somo hili, na ndoo ya maji, kamba na mti wa uwanjani vingetosha.

Si msuguano tu unaozaa imani potofu. Wale wanaoonyesha wageni pale Nanyuki, Kenya, kwamba maji huzunguka upande huu kaskazini mwa Ikweta na upande ule kusini, wanafanya mchezo wa mikono. Mzunguko wa Dunia hupinda vimbunga vikubwa, lakini kwenye beseni athari yake ni ndogo mno. Namna maji yalivyomiminwa ndiyo inayoamua. Hata hivyo, kuna faida ya kweli ya Ikweta, nayo imetumika katika pwani ya Kenya. Ardhi ya Ikweta inakwenda mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoruka kutoka huko huanza safari ikiwa na mwendo huo tayari. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani.

Tukirudi kwenye msuguano: ukiongeza mwendo wa gari au pikipiki mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki haukui mara mbili bali mara nne. Kila dereva wa bodaboda angestahili kufundishwa hili kabla ya kupewa leseni.

Je, wajua kwamba karibu asilimia 20 ya nishati yote inayotumiwa duniani huishia kupambana na msuguano? Watafiti Kenneth Holmberg na Ali Erdemir walitoa makadirio hayo mwaka 2017.

Na mbinu ya kufundisha ina uzito. Mwaka 1998 mtafiti Richard Hake alilinganisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa Marekani. Waliojadiliana na kujaribu wenyewe walipiga hatua karibu mara mbili ya wale waliokaa kusikiliza tu.

Basi mwalimu, kipindi kijacho beba madaftari mawili. Pishanisha kurasa zake moja moja, moja ya huku na moja ya kule, hadi mwisho. Waite wanafunzi wawili wenye nguvu wavute migongo yake, kila mmoja upande wake. Hayataachana, kwa kuwa kadiri wanavyovuta ndivyo kurasa zinavyozidi kubanana. Usiwaambie sababu mapema. Waache wabishane kwanza.