Tundu dogo lililoitikisa kampuni ya ndege za kujiundia

Mwezi Desemba mwaka 2023, kampuni ya Van's Aircraft ya jimbo la Oregon, Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Miongoni mwa mambo yaliyoifikisha hapo ni ukingo wa tundu lisilofikia hata milimita tatu.

Van's huuza sehemu za ndege ambazo mnunuzi huziunganisha mwenyewe, aghalabu katika gereji ya nyumbani kwake. Maagizo yalipoongezeka wakati wa janga la korona, baadhi ya sehemu zilikatwa na mkandarasi kwa miale ya leza. Mahali leza ilipoanzia na kuishia palibaki kovu dogo. Wateja walipoyabonyeza matundu hayo, nyufa zikajitokeza. Kampuni ilisema nyingi ya sehemu hizo bado zingefaa, lakini wateja wengi walitaka zibadilishwe, na si ajabu: ndio watakaoketi ndani yake angani.

Kwa nini kubonyeza? Vichwa vya ribiti za nje havina budi kulala sawa na bamba ili hewa ipite bila kizuizi. Bamba nene huchongwa pa kukalia kichwa hicho. Bamba la aluminiamu la nusu milimita likichongwa hivyo halibaki kitu, kwa hiyo hukunjwa liwe mfano wa kisahani. Tundu huwekwa kati ya kalibu mbili za chuma kigumu, moja yenye ncha na nyingine yenye shimo, zenye mwinamo wa nyuzi 100 kama kichwa cha ribiti, kisha hukandamizwa kwa wenzo au kwa nyundo.

Katika kukunjwa huko ukingo wa tundu hulazimika kutanuka. Ukiwa na mkwaruzo, au vichembe vilivyoachwa na keekee, ufa huanzia papo hapo. Ndiyo maana tundu hutobolewa hadi kipimo chake kamili na kusafishwa pande zote mbili kabla ya kalibu kuguswa. Kazi hii huchosha, maana ndege moja huweza kuwa na ribiti zaidi ya 10,000.

Kibonyeo safi hutambulikana kwa mwanga wa taa: mduara wake huwa dhahiri, na bamba linalouzunguka huwa tambarare. Shinikizo likipungua, bamba hufura kandokando na ribiti haikai sawa. Wenye kutumia nyundo hupendelea pigo moja zito kuliko madogo mengi. Balaa kubwa ni bamba kuchopoka kwenye ncha pasipo fundi kutambua. Kalibu hutoboa tundu la pili ubavuni mwa la kwanza, na pengine bamba zima hutupwa. Kwa hiyo wengi hubonyeza kwanza vipande vya mabaki, wakavitazama kwa kioo cha kukuzia, ndipo wakaligusa bamba la ubawa.