Nyumba Kiegeani: mwangulio ujao ni wa nani?

Ukinunua nyumba Kiegeani, kisiwani Mafia, bei mnaweza kuelewana kwa kikao kimoja cha barazani. Tarehe ya kukabidhiana funguo ndiyo itakayowatoa jasho.

Anza na minazi. Nyumba ya hapa kwa kawaida huuzwa na minazi yake, na nazi huanguliwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Muuzaji mjanja hupanga makabidhiano wiki moja tu baada ya kuangua. Mnunuzi anahamia, anatazama juu, anakuta madafu na vitale. Tena pwani hii mti na ardhi si lazima viwe vya mtu mmoja. Mkataba usiotaja idadi ya minazi na mwenye mwangulio unaofuata ni mbegu ya kesi.

Kisha hali ya hewa. Muuzaji hupenda kumaliza biashara wakati wa kaskazi, Januari au Februari, makuti yakiwa makavu na ukuta haujachora ramani ya maji. Ningekuwa mnunuzi, ningetoa advansi Februari na kumalizia mwishoni mwa Mei, masika ikiwa imeshanikagulia paa. Ubaya wake ni kwamba wakati huo kusi imeshaanza kuvuma, na ndugu wa bara anayetakiwa kutia sahihi akiwaza mawimbi kati ya Nyamisati na Kilindoni, ghafla anapata dharura.

Na sahihi ni nyingi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, haki ya kimila haihamishwi bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Nyumba ya ndoa inataka ridhaa ya mwenzi. Ya urithi inamtaka msimamizi wa mirathi. Mnunuzi akiwa mgeni wa nje ya nchi, mazungumzo hayo ni mengine kabisa.

Kodi nayo ina kalenda yake, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa kwa haraka. Mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida ya mauzo. Lakini nyumba uliyoimiliki miaka mitatu mfululizo, ukaishi humo jumla ya miaka mitatu, faida yake isipozidi shilingi milioni 15 haitozwi. Tuseme nyumba imekugharimu milioni 18, risiti za saruji na bati unazo, na umepata mteja wa milioni 26. Ukiuza mwezi wa 34, unadaiwa shilingi 800,000. Ukisubiri mpaka miaka mitatu itimie, hudaiwi kitu. Mteja wa kweli atasubiri miezi miwili, hasa ukimwachia nazi.

Kwa hiyo, wewe unayeuza, usimpe mtu tarehe kabla hujamuuliza mtendaji wa kijiji kikao kijacho ni lini. Na funguo zibaki mfukoni mwako mpaka shilingi ya mwisho iingie.